Jiko la Kilo Moja

Jumatatu tarehe tisa Machi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mvua ya rasharasha ilikuwa ndiyo kwanza inakatika na mawingu yangali yameinamia mapaa ya mabati, pale mnunuzi mpya wa kampuni ya vifaa vya nyumbani aliposhuka ngazi za makao makuu, akauvuka uwanja uliojaa malori na kupanda jukwaa la kupokelea mizigo la ghala kuu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na makali, tai ya rangi ya damu ya mzee, na viatu ambavyo mtu angeweza kujitazama ndani yake. Shule ya bweni ilimfundisha mambo mengi, mengine akayasahau, lakini kung'arisha viatu hakukusahau.

Alikuwa ametumwa. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa Mkurugenzi wa Mauzo, alimwambia asubuhi hiyo huku akikoroga chai, "Huko ghalani kuna mwanamke wanamwita Bi Kanuni. Ameutia makufuli mfumo mzima. Bidhaa haiingii dukani mpaka yeye aridhike. Wewe una ulimi, mpwa wangu. Kampake mafuta kidogo, alainike."

"Kwa mgongo wa chupa, mjomba?"

"Kwa chochote kinachoteleza."

Mnunuzi alicheka kwa adabu, akaenda. Njiani alimwaza huyo Bi Kanuni kuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba na sweta katikati ya joto. Alipofika jukwaani akamtafuta kwa macho, asimwone. Kulikuwa na msukosuko wa kutosha: malori yakirudi nyuma kwa mlio wa kero, wapakizi wakiitana, harufu ya dizeli ikichanganyika na ya maboksi yaliyoloa. Gari la kunyanyulia mizigo likamjia kwa kasi. Akasogea pembeni kulipisha, na mguu wake mmoja ukatua juu ya bamba la chuma lililokuwa sawa na sakafu, kando ya jokofu lililosimamishwa juu yake.

"Ondoa mguu wako kwenye mizani yangu."

Akageuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa umri wake, mrefu, gauni lake la rangi ya haradali limefunikwa kwa aproni ya ghala, miguuni amevaa buti za ncha ya chuma kama za wapakizi. Nywele zake zilisukwa mistari iliyonyooka, kila mmoja ukijua mahali pake. Masikioni alikuwa na vipuli vidogo vya lulu, na hivyo vipuli, katika vumbi lile, ndivyo vilivyomshika mnunuzi macho.

"Samahani, dada," akasema. "Kwani nimeongeza uzito?"

"Umeongeza uongo. Jokofu hili lilikuwa na kilo hamsini na nne. Sasa lina sitini na moja. Nikiandika hivyo, mteja atauziwa na unyayo wako."

"Na bei itapanda?"

"Itashuka." Akawapungia mkono wapakizi wawili, wakaliondoa jokofu. "Haya, panda mzima mzima. Tujue hasara tuliyookoa."

Mnunuzi alipanda, kwa sababu wapakizi walikuwa wanatazama na mwanamume mwenye fahari hashuki akisha kuchokozwa.

"Sabini na nane," mwanamke akasoma. "Pamoja na viatu. Viatu vyenyewe, kwa dawa hiyo uliyovipaka, vinaweza kuwa na kilo moja peke yake."

Mpakizi mmoja, mtu mnene aliyeubeba mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa kuazima, akauliza kwa unyenyekevu wa uongo, "Huyu tumweke rafu ya ngapi, Bi Kanuni?"

"Ya chini. Vizito na vinavyovunjika hukaa chini."

Jukwaa likaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho mnunuzi akatambua aliyekuwa mbele yake ni nani. Alikuwa na nafasi ya kusema: Nimetumwa kwako. Badala yake alisema, "Nikishuka hapa, utakubali tunywe chai?"

Kanuni zenyewe hazikuwa siri. Kampuni iliuza bidhaa zaidi ya elfu ishirini, kuanzia msumari hadi tangi la maji, na kila moja ilikuwa na ukurasa wake katika mfumo wa kompyuta: jina, ukubwa, uzito, picha, namna ya kuihifadhi. Zamani mfumo ulidai jambo moja tu, kwamba sehemu ya uzito isiachwe tupu. Wanunuzi, wakiwa na haraka zao, waliitii amri hiyo kwa namna yao: waliandika moja. Jokofu, kilo moja. Beseni la kuogea la chuma, kilo moja. Mfumo ni mtiifu kama punda, ila punda ana macho. Uliamini, ukavipangia vitu hivyo rafu ya juu kabisa, maana rafu ya juu ni ya vitu vyepesi. Siku moja boriti ikapinda, mashine za kufulia zikaporomoka, na mpakizi mmoja akavunjika bega. Alipona, akarudi kazini, akaitwa Bega. Lakini mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya sikio.

Baada ya msiba huo ndipo Bi Kanuni alipopewa idara ya taarifa za bidhaa. Hakumhubiria mtu. Aliandika kanuni, akaufundisha mfumo kuzisimamia mlangoni. Kitu hakiingii dukani kabla ya kupimwa. Jiko haliwezi kuwa jepesi kuliko birika. Sanduku haliwezi kuwa dogo kuliko kilichomo ndani yake. Vitu vya jamaa moja vikipishana uzito kupita kiasi, vyote vinasimama nje hadi vipimwe upya. Kinachozidi kilo ishirini na tano hakipandi juu ya kiuno cha mtu. Na anayetaka kanuni iwekwe kando, hata kwa siku moja, atatia sahihi: mnunuzi wa bidhaa hiyo pamoja na mkurugenzi, ili mambo yakiharibika wajulikane.

Wakurugenzi walizipitisha kanuni hizo wakiwa bado wanalipa bili ya hospitali ya Bega. Bili ilipokwisha, walianza kuziona ni ndefu.

Chai ile ilizaa chai nyingine, na baada ya chai zikaja simu.

"Hallo, Sabini na Nane."

"Nina jina, laazizi."

"Jina nimeambiwa. Uzito nimepima mwenyewe."

"Umekula?"

"Nimekula mkate. Na wewe?"

"Nimekula kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sasa haya ni mapenzi au ni ukaguzi?"

"Kwangu mimi hayajawahi kutenganishwa," akajibu, na sauti yake ikawa na tabasamu ambalo mnunuzi alilala nalo.

Bi Kanuni alimtania sana, naye akatanika. Siku moja alimuuliza, "Sema kweli. Hujawahi kuandika moja?"

"Niliwahi. Kule tawini nilikotoka. Niliandika beseni la kuogea."

"Wewe?" Akamtazama kama hakimu aliyemkuta kasisi kwenye kizimba. "Beseni lenye kilo tisini?"

"Lilikuwa tupu, mama."

Alicheka hadi akaegemea ukuta, na mnunuzi, aliyezoea kuwachekesha watu kwa ajili ya biashara, alitambua kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa anauza chochote.

Jambo la kutumwa hakulisema. Kila wiki alikuwa na nia ya kulisema, lakini nia, kama walivyozoea kusema walimu wake, haipewi alama. Kwa mjomba alitoa majibu ya mzunguko: bado anamsoma, mama huyu ni mgumu, subira yavuta heri. Alijiambia kwamba agizo ambalo halijatekelezwa ni sawa na agizo ambalo halijatolewa. Watu wengi wenye akili hujidanganya hivyo.

Jumapili moja ya Mei walikuwa wanapanda ngazi za mkahawa wa ghorofani. Bi Kanuni alivaa gauni la buluu ya mbingu, vifungo vyeupe vimeshuka kutoka shingoni hadi magotini, na kitambaa chembamba cha hariri mabegani. Katikati ya ngazi mnunuzi akasimama.

"Nataka kukuoa."

"Hapa?"

"Popote. Nimeuliza hapa kwa sababu juu kuna kelele."

Alimtazama kwa utulivu uliomtia jasho. "Kwenye mfumo wangu," akasema, "sehemu ambayo jibu lake halijapatikana huachwa wazi. Hairuhusiwi kuandika moja ili mtu apite. Niache niijaze kwa haki. Sijakataa, mpenzi. Napima."

"Chukua muda wako. Mimi sina haraka ya wanunuzi."

"Hilo," akasema Bi Kanuni huku akiendelea kupanda, "ndilo jambo zuri kuliko yote uliyowahi kuniambia."

Mwezi wa Juni yakaja majiko. Yalitoka kiwanda kipya, ya chuma cha kusubu, mekundu na meusi, mazuri ya kutia tamaa, aina arobaini, na mnunuzi wake alikuwa yeye. Mkurugenzi wa Mauzo alikwisha kuyatangaza: Jumamosi tawi jipya lingefunguliwa, na majiko hayo yangepangwa kwenye rafu ndefu pande zote mbili za njia ya wateja. Malori yangeondoka Ijumaa saa sita mchana. Jumatano, taarifa za kiwanda zilipofika, safu ya uzito ilisomeka moja, moja, moja, hadi chini.

Mfumo uliyakataa yote. Mjomba akawaita wawili hao ofisini kwake, chumba cha zulia zito na mapazia yanayonusa sigara za zamani.

"Aina arobaini," Bi Kanuni alisema. Alisimama, ingawa kiti kilikuwapo. "Kila aina tunapima majiko matatu. Mizani ni moja, na mizigo mingine nayo inapokelewa. Nitamaliza Jumanne."

"Jumanne ni msiba. Nafungua Jumamosi."

"Fungua na yaliyopimwa, mzee."

"Binti yangu, hizo ni tarakimu tu."

"Tarakimu hizo ndizo zinazopanga rafu. Ukiliita jiko hilo kilo moja, mfumo utalipeleka juu kabisa, juu ya kichwa cha mama anayechagua sufuria. Mimi nimelinyanyua moja asubuhi. Sijamaliza kulinyanyua."

"Nitakipeleka hiki kiburi chako mbele ya bodi."

"Nipeleke. Nitakuja na jiko, niwaombe wajumbe mmoja mmoja walinyanyue juu ya kichwa. Atakayeweza, ndiye atakayefuta kanuni."

Mjomba alikuwa mtu wa haiba, na watu wa haiba wakishindwa kwa hoja hutafuta mahali pengine pa kuchoma. Aliegemea kiti chake, akatabasamu. "Nami nilidhani mpwa wangu amekwisha kukulainisha. Nilimtuma kwako tangu Machi. Ama amechelewa kazi, ama amejisahau humo humo."

Bi Kanuni hakumtazama mkurugenzi, alimtazama mnunuzi.

"Ulitumwa?"

"Nilitumwa, lakini—"

"Sikuuliza lakini."

Akachukua kalamu yake mezani, akaifunga kifuniko, akatoka. Buti zake zilisikika kwenye ngazi hadi chini kabisa.

Mnunuzi alipiga simu jioni hiyo, haikupokewa. Alipiga asubuhi ya Alhamisi, ikapokewa.

"Idara ya taarifa za bidhaa."

"Ni mimi."

"Naona. Simu inaonyesha jina. Haionyeshi kama ni la kweli."

"Asubuhi ile sikujua kuwa ni wewe. Nakuapia. Mguu ulitua penyewe."

"Mguu nimeusamehe tangu Machi. Ulijua ni mimi kabla hujashuka kwenye mizani. Kuanzia hapo?"

"Kuanzia hapo sikuwahi kukuomba ulegeze kanuni hata moja. Nikumbushe siku niliyoomba."

"Hukuomba. Hilo nimelifikiria usiku kucha, na linanitia hasira zaidi, maana pengine ulinipenda kweli." Sauti yake haikutetereka. "Sikiliza. Mtu akiniachia sehemu wazi, namngoja. Mtu akiandika moja, amenidanganya, hata kama ana nia njema, hata kama alikuwa na haraka tu. Wewe kila siku uliponiambia mambo ya mjomba wako, ya kazi, ya shule, uliruka sehemu hiyo ukaandika moja. Nami nikakupanga rafu ya juu."

"Bi Kanuni. Mpenzi."

"Nina majiko ya kupima," akasema, na simu ikakatika.

Hakuwa bado ameishusha simu sikioni vizuri alipoitwa na mjomba. Safari hii mlango ulifungwa, na juu ya meza palikuwa na karatasi ya ruhusa: kanuni ya uzito iwekwe kando kwa majiko yote arobaini, kuanzia Ijumaa hadi Ijumaa. Mahali pa mkurugenzi pamekwisha kutiwa sahihi kwa wino wa buluu. Mahali pa mnunuzi palikuwa wazi.

"Wiki moja tu," alisema mjomba kwa upole. "Jumanne mwanamke wako anamaliza vipimo vyake, tunasahihisha, hakuna aliyeumia."

"Na Jumamosi, Jumapili, Jumatatu?"

"Mungu yupo."

"Alikuwapo na siku ya Bega, mjomba."

Mjomba akavua miwani. Bila miwani alifanana sana na marehemu dada yake, na alilijua hilo. "Sijawahi kukuambia neno hili, na nisingependa kulisema. Mama yako alipofariki ulikuwa huwezi kufunga kamba za viatu. Nilikupeleka shule ambayo watoto wangu hawakuipata. Siku ulipougua surua, nililala kwenye benchi la zahanati ya shule. Sikukupimia chakula, sikukupimia nguo, sikukupimia mapenzi. Leo nakudai. Nadai mara moja, na nadai sahihi tu."

Mnunuzi aliitazama karatasi. Kila neno lilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkaa kifuani kama gunia. "Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

"Saa sita," mjomba akajibu. "Malori hayangoji."

Hakurudi mezani kwake. Alishuka moja kwa moja hadi jukwaani, akavua tai akaitia mfukoni, akakunja mikono ya shati lile jeupe. Bi Kanuni alikuwa ghala la pili. Alimkuta Bega amekalia boksi, anakula karanga.

"Nifundishe kupima majiko."

Bega alimtazama kuanzia utosi hadi kwenye viatu vinavyong'aa. "Bosi, haya majiko hayajui kama umesoma."

"Ndiyo maana nimekuja."

Wakaanza. Mnunuzi alilishika jiko la kwanza kwa mkono mmoja, kama mtu anayechukua mkoba, nalo halikutikisika. Akalishika kwa mikono miwili, likamtikisa yeye.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, bosi," Bega akasema. "Ukikaa ghorofani, kila kitu kina kilo moja."

Ilipofika alasiri shati lilikuwa limekuwa na rangi tatu, kidole gumba kimechubuka, na aina kumi na moja zimeandikwa. Alikuwa anaingiza ya kumi na mbili alipohisi mtu amesimama nyuma yake.

"Jiko hili la mezani lina kilo arobaini na nne?" Bi Kanuni aliuliza. "Litaivunja meza."

"Mizani imesema."

"Mizani imesema kweli. Umeipa jiko na paleti, imekujibu jiko na paleti. Kazi ya mizani si kukisia unachotaka kujua." Akainama, akakigonga kwa kalamu kile kitanda cha mbao kilichokuwa chini ya jiko. "Toa kilo ishirini na mbili. Kwenye aina zote kumi na mbili."

Mnunuzi akafunga macho. Bega, kwa heshima, akageukia ukuta ili acheke.

"Nani amekutuma safari hii?" Bi Kanuni akauliza, na hakukuwa na mzaha katika swali hilo.

"Hakuna."

"Mjomba wako anataka sahihi yako."

"Anaitaka. Nimeomba mpaka kesho."

"Kwa nini hukumkatalia leo?"

Alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa alijua jibu hili litapimwa. "Kwa sababu yote aliyoniambia ni kweli. Alinilea. Nilihitaji kujua jiko lina uzito gani kabla sijajua kama malezi yanaweza kulipiwa nalo."

Bi Kanuni akavua vipuli vyake vya lulu, akavitia kwenye mfuko wa aproni, akashika upande wa pili wa jiko lililofuata.

"Sijakusamehe," akasema. "Nyanyua kwa magoti, si kwa mgongo."

Walipima hadi taa za jukwaa zilipowashwa, na asubuhi ya Ijumaa wakaendelea. Hawakuzungumza mapenzi. Walizungumza tarakimu: sitini na nne, sabini na moja, hamsini na nane na nusu. Lakini kuna watu ambao tarakimu iliyosemwa kwa uaminifu huwatua moyoni kuliko shairi, na wawili hao walikuwa wa kabila hilo.

Saa tano na nusu, aina ishirini na sita zilikuwa tayari. Mfumo ulizipokea moja baada ya nyingine bila ubishi, ukazipangia rafu za chini, na wapakizi wakazipandisha kwenye lori la kwanza. Kumi na nne zilibaki sakafuni, nyekundu na nyeusi, na lori la pili lilisimama mlango wazi, tumbo tupu.

Mjomba alikuja mwenyewe. Alivuka uwanja katika jua kali, suti yake ya kijivu imefungwa vifungo vyote, karatasi mkononi. Wapakizi wakampisha njia.

"Saa imefika, mpwa wangu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tia sahihi, tuwahi." Akamtolea na kalamu.

Mnunuzi akajifuta mikono, akaipokea karatasi, akaisoma yote hadi mwisho, akairudisha. "Ishirini na sita zinaondoka na uzito wake. Zile kumi na nne zitaondoka Jumanne. Tawi litafunguka, mjomba. Litafunguka na nafasi kwenye rafu, na nafasi haijawahi kumwangukia mtu."

"Nimewaahidi arobaini."

"Waambie ni kosa la mnunuzi. Ni kweli, mimi ndiye niliyepokea taarifa za kiwanda bila kuzisoma."

"Jumatatu nitakurudisha kule tawini ulikotoka."

"Nitarudi. Huko nako mizani ipo."

Uso wa mjomba ukakaza. "Unanitupa mimi kwa ajili ya mwanamke ambaye hata hajakusamehe?"

"Hajanisamehe," mnunuzi akakubali, "na huenda asinisamehe. Hata hivyo sitii sahihi."

"Nimemsamehe," ikasema sauti kutoka kwenye mizani. Bi Kanuni hakuinua kichwa, alikuwa anaandika. "Sasa hivi, mzee, umenisikia ukiwa shahidi. Na kuhusu lile swali aliloniuliza kwenye ngazi, jibu langu ni ndiyo. Sikuliandika mapema kwa sababu lilikuwa halijapimwa."

Bega akapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja lake, kisha akakumbuka mkurugenzi yupo, akaacha.

Mjomba aliwatazama wote wawili kwa zamu: mpwa wake mwenye shati lililochafuka na kidole kilichochubuka, na yule mwanamke wa buti na gauni la haradali. Kitu fulani usoni mwake kilitaka kulegea, naye hakukiruhusu. "Shule ile," akasema polepole, "nililipa ada kupita kiasi."

"Ulilipa sawasawa, mjomba."

"Harusini nitakuja. Damu haisusiwi." Akaikunja karatasi mara mbili, lakini hakuitia mfukoni, aliishika mbele yake. "Ila nijibu mbele ya watu hawa. Nilikulea bila kupima. Nimekudai mara moja tu maishani. Unanilipa, hunilipi?"

Mnunuzi alisimama wima kama alivyofundishwa kusimama kwenye paredi, visigino pamoja.

"Malezi nakiri unanidai, mjomba, na nitakulipa maisha yangu yote. Ukiugua nitalala kwenye benchi. Ukizeeka nitakushika mkono. Lakini hili la leo unaniomba nilipe kwa vichwa vya watu wengine, navyo si mali yangu." Akachukua kalamu ya mjomba, akaifunga kifuniko, akamrudishia kwa mikono miwili. "Hili silipi."